Dawa ya Ghali ya Nchi ya Tembo

Hapo zamani za kale, twiga alipokuwa bado na maneno mengi, kulikuwa na nchi mbili tajiri zilizotenganishwa na mto. Ng'ambo hii walikaa tembo, ng'ambo ile nyati. Nani alimzidi mwenzake kwa mtama? Msiniulize, wanangu, maana wao wenyewe walibishana kila mwaka wasipate jibu.

Jambo moja lilijulikana. Tembo walikuwa na Ghala la Dawa kubwa kuliko maghala yote duniani. Nusu ya mavuno yao ilikwenda humo, ikanunua mizizi, magome na mafuta ya kila namna. Na sheria ya mkubwa wao, Mzee Tembo, ilikuwa hii: mtama wa Ghala hautoki ila kwa dawa.

Ghala la nyati lilikuwa dogo kama banda la kuku. Na bado watoto wa nyati walinenepa, watoto wa tembo wakakohoa.

"Ni ngozi," tembo waliambiana. "Nyati amezaliwa na ngozi ngumu."

Nyumbani kwa Mzee Tembo alikaa Bi Digidigi, yaya wa mjukuu wake, Tunu. Digidigi hafiki hata gotini pa tembo, lakini macho anayo. Kila mvua iliponyesha aliona maji yakidondoka, ti! ti! ti!, juu ya kitanda cha mtoto. Aliona dimbwi nyuma ya nyumba, mbu wamelifanya mji wao. Alimwona Mama Tunu akipelekwa shambani siku ya saba tu baada ya kujifungua, analia njia nzima.

Sasa Tunu alikuwa amekonda hadi yaya aliweza kumwinua kichwa peke yake. Digidigi alimpenda mtoto yule kama wa kumzaa mwenyewe, na aliogopa.

Akaenda kwa babu wa mtoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, yaya. Tunu amekunywa dawa?"

"Amekunywa saba tangu asubuhi. Lakini nyumba inavuja, Mzee."

"Nyumba!" Mzee Tembo alipiga masikio, pwaa! "Nyumba ni dawa?"

"Si dawa. Ni nyasi tu. Nimevuka mto nikaona kwa nyati. Wao huezeka kila mwaka kwa mtama wa wote, huchimba mifereji ya kutoa maji ya madimbwi, na mzazi huletewa uji, akakaa na mwanawe mpaka mtoto apate nguvu."

"Hizo nyasi bei gani?"

"Bure, Mzee. Zimejaa bondeni."

"Kitu cha bure kimponye mjukuu wangu? Hebu nenda ukampe dawa ya nane!"

Digidigi alitoka akifuta machozi. Alipofika uani akasimama ghafla. Kumbe cha bure hakitakiwi? Haya.

Siku ya tatu, tembo walikuta mtungi mkubwa katikati ya uwanja, mdomo umefunikwa kitambaa chekundu. Ndani mlitoka sauti nene, buuu! buuu! Sauti ya yeyote ikivuma mtungini huwa nene. Jaribuni nyumbani, ila msiuvunje mtungi wa mama.

"Mimi ni Mganga wa Nchi za Mbali! Atakayenitazama atapofuka!"

Tembo wote wakarudi nyuma, kishindo kikatikisa miti.

"Taire, mganga," alisema Mzee Tembo kwa heshima kubwa. "Kikohozi unakitibu?"

"Nakitibu. Ila dawa yangu ni ghali. Wanyama wa kawaida hawaiwezi."

"Ghali?" Macho ya Mzee yakang'aa. "Sisi tunaiweza! Itaje!"

"Leteni matita mia tatu ya majani marefu ya bondeni. Myatandike juu ya chumba cha mgonjwa, tabaka saba, jua lisipenye hata kidogo. Na vyumba vya majirani vivyo hivyo, maana ugonjwa hurukaruka."

"Naam!"

"Chimbeni mfereji kutoka kwenye dimbwi hadi mtoni, ugonjwa upate njia ya kutokea. Na mama wa mtoto asitoke nyumbani siku mia. Aletewe uji asubuhi na jioni."

"Na shamba je?" aliuliza tembo mmoja.

"Buuuu! Shamba litangoja! Na kila mfanyakazi alipwe mtama wa Ghala. Msipolipa, dawa haishiki."

"Mmesikia?" alipaza sauti Mzee Tembo, furaha imemjaa. "Hii ndiyo dawa! Fungueni Ghala!"

Fyeka, fyeka! Chimba, chimba! Mvua ikaja, lisidondoke hata tone moja ndani. Mbu wakahama. Mama Tunu akanywa uji, maziwa yakajaa, na siku ya ishirini Tunu akalia kwa njaa. Yaya aliposikia kilio kile alicheka hadi akakaa chini.

Siku mia zilipotimia, mtungi ulirudi uwanjani kuaga.

"Toka, mganga, tukutunze!"

"Sitoki!"

Lakini Tunu, mnene sasa, alikuwa anatafuta cha kuchezea. Akaupiga mtungi kichwa. Kwacha! Katikati ya vigae akaonekana Bi Digidigi, kitambaa chekundu kichwani.

Tembo wakasogea kutazama.

"Yaya?" alisema Mzee Tembo. "Na ile dawa?"

"Ni nyasi, Mzee. Na mfereji, na mama, na uji. Yale yale niliyokuambia bure."

Mzee Tembo aliinua mguu. Tembo wenzake wakafumba macho. Tunu akakimbia, akajikunja mbele ya yaya wake, hakohoi hata kidogo. Mguu ule ukakaa hewani kitambo, kisha ukashuka taratibu mahali pake.

"Kesho," alisema Mzee, masikio yamemwanguka kwa aibu, "nyasi ziingizwe Ghalani. Zikae mbele kabisa."

"Naam, Mzee."

Akainama hadi sikioni pa Digidigi. "Na bei yake, yaya, tafadhali usimwambie mtu."

Nami hadithi nimeiacha pale uwanjani, penye vigae. Mkiondoka ondokeni na hili: asiyejali cha rahisi akiwa mzima, hukinunua kwa ghali akiwa mgonjwa.