Taa Moja na Ndoo Mbili za Mchanga

Hadithi hii alinipa wifi yangu Nanzia, tukichambua maharage mlangoni kwake. Yeye aliisikia shuleni, alipokuwa akipikia wanafunzi. Naiandika kama alivyoisema.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, wakati taa za sola zimeshafika madukani lakini hazijafika nyumba za mlimani kwetu Upare, palikuwa na mwalimu wa fizikia, Mwalimu Mchome. Na palikuwa na wanafunzi wake watatu wa kidato cha nne, waliopenda maswali ya fizikia kama wengine wanavyopenda mpira. Mmoja msichana, Nakijwa. Mmoja mvulana, Mcharo. Mmoja msichana tena, Namkunda.

Mwalimu akapata taa moja ya sola. Akasema, "Mmoja wenu ataondoka nayo, asomee nyumbani mpaka mtihani wa mwisho."

Wote waliitaka, lakini Nakijwa aliitaka kuliko chakula. Kwao alisomea mwanga wa moto jikoni, na moshi ulimfumba macho kabla hajamaliza swali la pili. Na baba yake alikwisha kumwambia, "Ukifeli mtihani huu, mwanangu, vitabu tunafunga. Utabaki hapa tulime tangawizi."

Basi mwalimu akawapa swali la umeme: balbu zikifungwa moja nyuma ya nyingine, na zikifungwa sambamba, zipi zitawaka zaidi? Nakijwa akapata. Mcharo akapata. Namkunda akapata. Akawapa swali la betri na waya. Nakijwa akapata. Mcharo akapata. Namkunda akapata.

"Nyinyi mtanimalizia chaki," mwalimu akasema.

Akatazama dirishani. Nje mafundi walikuwa wakijenga mnara wa tangi la maji, wakipandisha mchanga kwa kamba. Akasema, "Haya. Ndoo mbili za mchanga, kila moja na mchanga wake kilo kumi na nane, zinapandishwa pamoja. Kapi moja, gurudumu la kupitishia kamba, imefungwa juu kwenye boriti. Kapi ya pili inapanda pamoja na mzigo. Fundi amesimama chini, anavuta kamba. Avute kwa nguvu kiasi gani? Atakayelitatua swali hili, taa ni yake. Kesho leteni."

Kesho yake wakaleta. Mwalimu akafungua daftari la Mcharo. Jibu: nyutoni mia moja na themanini. Mwalimu akatabasamu, akasema, "Hilo ndilo jibu nililolipata mimi." Halafu akasoma hesabu yenyewe, tabasamu likaondoka.

"Mcharo, ndoo ni ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

"Hapa umepiga hesabu ya moja. Na kapi inayopanda, inayopunguza mzigo nusu, iko wapi?"

Mcharo akajikuna kichwa. "Nimesahau ndoo moja, mwalimu, na nimesahau kapi moja. Wasahaulifu wawili wamekutana njiani, wakaelewana."

Darasa likacheka mpaka madawati yakalia.

Mwalimu akafungua la Nakijwa. Ndoo mbili, kilo thelathini na sita. Kila kilo inavutwa chini kwa nyutoni kumi, kwa hiyo mia tatu na sitini. Kapi inayopanda imeshikwa na kamba pande mbili, kwa hiyo fundi anabeba nusu tu. Kila hatua imeelezwa, kila mshale umechorwa. Na mwisho kabisa, nusu ya mia tatu na sitini, ameandika mia moja na sabini.

"Mia na sabini, Nakijwa?"

"Moshi, mwalimu," Nakijwa akasema.

Namkunda hakuwa na hesabu yoyote. Alikuwa na viganja vilivyochubuka. Alikwenda kwa mafundi, akaomba kamba yao na kapi zao, akafunga ndoo mbili za uzito ule ule. Akaazima mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia watoto kliniki, akaifunga kwenye kamba, akavuta yeye mwenyewe. Ndoo zilipoanza kupanda, mizani ikasoma kilo ishirini. Akaandika: nyutoni mia mbili.

"Mbona umezidisha?" mwalimu akauliza.

"Sikuzidisha mimi. Kapi zina kutu, mwalimu. Nazo zinataka chao."

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mcharo akasema, "Taa ni yangu. Mwalimu ana jibu moja kichwani, na mimi peke yangu ndiye niliyelileta. Alama ni alama."

"Jibu lako limeingilia dirishani!" Nakijwa akamwambia. "Leo ziletwe ndoo tatu, tuone kama litaingia tena. Taa ni yangu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini kamba inavutwa hivyo. Nimekosea kugawa, sikukosea kufikiri."

Namkunda akacheka. "Haya, nendeni mnarani sasa hivi. Nakijwa, vuta kwa jibu lako: ndoo hazitoki chini. Mcharo, vuta kwa jibu lako, na hilo la mwalimu: ndoo hazitoki chini. Vuta kwa jibu langu, fundi anapata mchanga. Taa ni yangu."

"Swali halikutaja kutu!" Nakijwa akasema.

"Na mnara haukutaja swali," Namkunda akajibu.

Mwalimu akasema wapeane zamu. Lakini mmoja alikaa mlima huu, mmoja mlima ule, mmoja ng'ambo ya bonde, na taa ilitaka kushinda juani mahali pamoja. Nakijwa akainua mkono.

"Mwalimu, unajua kwetu hali ilivyo."

"Najua," mwalimu akasema, na sauti yake ikapungua. "Lakini sikuahidi taa kwa mwenye giza kuliko wenzake. Niliahidi kwa aliyelitatua swali."

Akaitundika taa msumarini, juu ya ubao. Akasema, "Kesho asubuhi nitaitoa."

Wifi akaishia hapo, akaanza kupepeta maharage.

"Akampa nani?" nikamuuliza.

"Wewe ungempa nani?"

Mimi si msemaji. Bombani huwa nasalimu, nateka maji, naondoka na mtoto wangu mgongoni.

Lakini asubuhi iliyofuata niliweka ndoo yangu chini, nikawasimulia wanawake wote waliokuwa kwenye foleni, tangu mwanzo mpaka msumari. Mama Elieza akasema, "Mpeni mwenye jibu, ahadi ni ahadi." Mwenzake akamwita kipofu. Wa tatu akasema yeye angempa mwenye viganja vilivyochubuka. Maji yakafurika, yakatulowesha miguu, na hakuna aliyefunga bomba.

Nami nawauliza nyinyi kwa sauti ile ile niliyowauliza wao. Mcharo ana jibu. Nakijwa ana njia. Namkunda ana mchanga juu ya mnara. Taa bado iko msumarini, na kumekucha. Je, nani alistahili kuitungua?