Timu ya Kichuguu na Gari Lisilowaka kwa Ufunguo

Hapo zamani za kale, kabla hata barabara moja haijawekwa lami, wanyama walikuwa na magari. Usicheke, wewe wa nyuma! Walikuwa na magari, walikuwa na nyumba zenye mapazia, na kila mwaka mvua zikikatika walikuwa na Mbio za Vumbi, kilomita mia tatu kulizunguka bonde lote. Mwenye maswali aniulize nikimaliza.

Timu kubwa zilikuwa mbili. Moja ya Bwana Kifaru, magari manne meusi yanayong'aa. Nyingine ya Mzee Tembo, magari matano ya kijivu, mahema ya kupumzikia na mpishi wao wenyewe. Halafu ndiyo ikaja Timu ya Kichuguu, yenye gari moja.

Kiongozi wa Kichuguu alikuwa Bi Nguchiro, mfupi, mwembamba, mdomo haupumziki. Fundi alikuwa Nungunungu, ambaye kila alipohitaji bisibisi alijichomoa mwiba mgongoni, pwii, akaendelea na kazi. Na dereva alikuwa Kobe.

Ndiyo, Kobe! Kwa miguu ilimchukua asubuhi nzima kufika kisimani. Lakini mweke nyuma ya usukani uone. Pedali waliziongezea vipande vya mti ili miguu yake izifikie. Na kona za bonde lile hakuna aliyezijua kama yeye, kwa sababu alikuwa amezipita zote kwa miguu, taratibu, jiwe baada ya jiwe.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, rangi ya udongo wa kichuguu walichokifanya gereji. Stata yake ilikufa zamani. Ukizungusha ufunguo unasikia "kli!" basi, kimya. Liliwaka kwa kusukumwa tu. Ndiyo maana wenyewe walilipa jina la Bibi Harusi, kwamba halitoki nje bila kusindikizwa.

Sasa, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya mbio, Korongo alifika gerejini na miguu yake mirefu, kitabu kwapani. Korongo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mbio.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee Korongo. Shikamoo," akasema Bi Nguchiro.

"Marahaba. Sikai. Nimeleta habari mbaya. Mdhamini wenu Kiboko amejitoa. Anasema vumbi linamchosha, amerudi zake majini."

"Eti nini?"

"Ndivyo hivyo. Na sheria mnaijua. Bendera ikishuka timu haina mdhamini wa kuisimamia, nalifuta jina lake ubaoni. Gereji anapewa mwingine."

"Jina letu lina miaka kumi na minane pale ubaoni, Mzee!"

"Najua, mama. Nililiandika kwa mdomo wangu huu huu." Korongo akageuka, akaondoka, na kusema kweli alikuwa anaona huruma.

Nungunungu akaanza kulia. Miiba yake ikatetemeka, chaka-chaka-chaka.

"Nyamaza kwanza," akasema Bi Nguchiro. "Ngoja niende nikazungumze na wakubwa."

Akaenda kwa Mzee Tembo. Akamkuta chini ya hema, mpishi anampepea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia yaliyowapata. Poleni sana. Nitawachukua."

"Kweli, Mzee?"

"Kabisa! Gari litapakwa rangi ya kijivu. Jina litakuwa Timu ya Tembo, Gari la Sita. Nungunungu atakaa mlangoni kama mlinzi, miiba ile inafaa. Kobe ataosha magari."

"Na mimi?"

"Wewe utanichekesha. Nimesikia una maneno."

Bi Nguchiro akashukuru kwa adabu, akaondoka. Moyoni alikuwa anatokota. Akaenda kwa Bwana Kifaru.

Kifaru hata kumkaribisha hakumkaribisha. "Nataka injini yenu," akasema. "Injini tu. Haijawahi kuzimika njiani, kila mwaka naisikia inanguruma nyuma ya vumbi. Bodi tupeni jalalani."

"Bwana Kifaru, injini ile imefunguliwa na kufungwa na Nungunungu mara mia mbili. Ndiyo timu yenyewe hiyo."

"Basi subirini mfutwe. Siku ya mbio nitakuja na kamba, bendera ikishuka nalivuta gari bure. Hmf!"

Bi Nguchiro alirudi kichuguuni, akawaeleza wenzake yote. Kobe alikuwa anafuta kioo. Hakuacha kufuta.

"Mimi siendi kuosha magari ya mtu," akasema polepole. "Kama ni kufutwa, tufutwe tukiwa Kichuguu. Nimeendesha miaka kumi na minane, sijawahi kuwa wa kwanza, lakini hakuna mwaka ambao sikumaliza. Waulize hao wenye magari tisa kama wanaweza kusema hivyo."

Ah, nilivyompenda Kobe pale! Hata leo nikilisimulia neno hilo najiona mrefu.

Nungunungu akapenga kamasi. "Laiti angetokea mtu akatusukuma kama Punda alivyowasukuma Kanga mwaka juzi, walipokuwa bado wanashindana. Maskini Punda, alipita njia tu, wakamwomba, akasukuma, gari likawaka, na Korongo akamwandika kuwa mdhamini wao mwaka mzima!"

Bi Nguchiro akasimama wima kwa miguu ya nyuma. "Umesemaje?"

"Nimesema Punda."

"Kwi! Kwi-kwi-kwi!" Bi Nguchiro akacheka mpaka akagaagaa.

Nyinyi hamjui, ngoja niwaambie. Kwenye Mbio za Vumbi kulikuwa na desturi ya wanyama wadogo, wenye magari ya stata mbovu. Anayelisukuma gari kwenye mstari wa kuanzia mpaka likawaka, mbele ya watu, huyo amelisimamia. Ni mdhamini wake mpaka mbio za mwaka unaofuata. Matairi juu yake, mafuta juu yake. Na akikana gari alilolisukuma, magari yake mwenyewe hayaondoki. Nguchiro waliijua desturi hiyo, Kanga waliijua, panya wa gerejini waliijua. Tembo na Kifaru hawakuijua. Wangeijulia wapi? Tangu wazaliwe magari yao yanawaka kwa ufunguo!

Siku ya mbio, kulipopambazuka, Timu ya Kichuguu ilikuwa ya kwanza kufika. Walipewa nafasi ya mwisho kabisa, kwenye mchanga. Bi Nguchiro akachimba. Mnajua nguchiro anavyochimba? Faraka-faraka-faraka! Mashimo manne, kila tairi na lake. Wakalisukuma Bibi Harusi likaingia, tii! Wakalifukia mpaka nusu ya matairi.

"Kobe ndugu yangu," Bi Nguchiro akanong'ona, "weka gia ya pili, kanyaga klachi, na mguu mwingine kanyaga breki. Usiachie mpaka nipige mluzi."

"Na nikichoka?"

"Wewe hubeba nyumba maisha yako yote. Utachokaje?"

Watu wakajaa. Swala, nyani, pundamilia, kila mtu na karanga zake. Magari meusi yakanguruma, magari ya kijivu yakanguruma. Bibi Harusi kimya.

Kifaru akaja na kamba yake begani. Tembo naye akaja kutazama, masikio yanapunga.

"Bwana Kifaru," akasema Bi Nguchiro kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "umefanya vizuri kuja, lakini rudi tu na kamba yako. Gari limezama. Nyumbu ishirini wamelijaribu asubuhi, wameshindwa. Na kulivuta halivutiki. Hili hutoka kwa kusukumwa tu, tena na mwenye nguvu za kweli."

"Nyumbu!" akasema Kifaru. "Unanilinganisha na nyumbu?"

"Hapana, Bwana! Nakuhurumia mgongo. Umri nao umekwenda."

Nyani wakaguna, "Uuuuh!"

Kifaru akaitupa kamba chini. Akaweka pua yake nyuma ya gari. "Hmmmf! Hmmmmmf!" Gari likapanda kidogo, likarudi, tii! Akasukuma tena. Mchanga ukamjaa puani. Chaaafya!

Tembo akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kisanduku cha biskuti kimekushinda, Kifaru!"

"Jaribu wewe!"

"Mimi?" Tembo akatazama watu, akawaona wote wanamtazama. Akakunja mkonga, akaegemeza paji lake la uso. "Mmmmmh! Mmmmmmmmh!" Gari likanyanyuka ukingoni mwa mashimo, karibu litoke. Kobe ndani anakandamiza breki, taya kazikaza. Likarudi, tii!

Nyani wakapiga makofi kwa dharau. Tembo masikio yakamshuka.

Upande wa pili Korongo akainua bendera. "Dakika moja! Gari lisilowaka bendera ikishuka, limebaki!"

"Basi, wazee wangu," akasema Bi Nguchiro, akijifuta macho ambayo hayakuwa na machozi. "Msijiumize. Tutawaambia watoto wetu kwamba siku hiyo Kifaru alikuwepo na Tembo alikuwepo, na gari dogo la Kichuguu likawashinda wote wawili. Na sisi hilo tutalionea fahari mpaka tufe."

"Hakuna atakayesimulia hivyo!" akanguruma Kifaru. "Tembo, njoo huku!"

"Nisogee wapi, kwa mbavu zako hizo? Sogea wewe!"

Wakabanana nyuma ya Bibi Harusi, bega kwa bega, hawa wawili ambao kwa miaka hawakuwahi hata kusalimiana vizuri.

"Moja!" akahesabu Bi Nguchiro. "Mbili! Haya!"

Akaweka vidole mdomoni, fyuuuu!

Kobe akaachia breki. Lo! Gari liliruka nje ya mashimo, likaserereka mchangani, Tembo na Kifaru wakianguka kifudifudi nyuma yake, puu! puu! Kobe akaachia klachi. Kwe! Kwe-kwe! Vruuuuuum!

Wakati huohuo bendera ikashuka.

Magari kumi yakaondoka kwa pamoja, na la mwisho lilikuwa jekundu. Umati ukalipuka kwa vigelegele.

Korongo akafungua kitabu, akachovya mdomo kwenye wino, akaandika huku anasoma kwa sauti: "Timu ya Kichuguu. Jina, lilelile. Rangi, ileile. Wadhamini, Mzee Tembo na Bwana Kifaru, mpaka mwakani."

"Nini?" Tembo akainuka, mchanga unamdondoka. "Mdhamini nani?"

"Aliyelisukuma gari mpaka likawaka ndiye anayelisimamia. Desturi ni ya miaka mingi, Mzee."

"Sijawahi kuisikia!"

"Hukuwahi kusukuma," akasema Korongo.

"Nakataa!" akafoka Kifaru.

"Unaweza. Anayekana gari alilolisukuma, magari yake nayarudisha. Manne yako, Bwana, na matano ya Mzee. Niite vijana wa bendera?"

Kifaru akatazama magari yake manne yanavyotokomea vumbini. Akamwangalia Tembo, na Tembo akamwangalia yeye.

"Huyu dereva alikuwa amekanyaga breki!" Tembo akasema ghafla. "Nimeihisi kichwani! Korongo, wewe ni mrefu, hukuona miguu yake?"

Korongo akanyoosha shingo, akafikiri. "Mimi nina kazi ya kutazama bendera na magari yanayowaka. Miguu ya kobe ni mifupi sana, Mzee. Kutoka huku juu haionekani."

Nungunungu alicheka mpaka miiba mitatu ikamtoka yenyewe.

Jua lilipoanza kuinama, magari yakaanza kurudi. Moja la Kifaru lilipasua rejeta kwenye kilima. Mawili ya Tembo yalikuwa bado yamekwama kwenye matope ya mtoni, yanapiga honi. La kwanza likaja la Kifaru, la pili la Tembo, la tatu, la nne, la tano. Bi Nguchiro amesimama juu ya pipa, hasemi neno, na mnajua kwake hilo si jambo dogo.

Halafu likaonekana wingu la vumbi kwenye kona mbaya kabisa, ile ya mawe, ambayo wengine wote waliipita kwa kutambaa. Wingu halikupunguza mwendo. Vruuuum! Jekundu likatoka katikati yake, likanyooka.

"La sita!" nyani wakapiga kelele. "Kobe wa sita!"

Ndipo sauti nzito ikasikika, nzito kuliko zote. "Umeona ile kona? Umeona alivyoikata? Gari letu hilo!"

Watu wakageuka. Alikuwa ni Kifaru, amesimama kwa miguu ya nyuma.

"Letu sote," akasema Tembo haraka. "Mimi ndiye niliyelisukuma zaidi."

"Wewe? Wewe ulikuwa umeniegemea tu!"

Bi Nguchiro akaruka kutoka juu ya pipa, akawaendea kwa heshima zote, shikamoo mbili. "Wadhamini wetu, msigombane. Matairi ya nyuma yamekwisha, la kushoto na la kulia. Kila mmoja achague upande wake."

Na walinunua, kila mmoja lake, tena kila mmoja akataka la kwake liwe bora. Kobe akashuka garini, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo. Ubaoni jina likabaki, Kichuguu, kwa mwaka wa kumi na tisa.

Ngano yangu nimeiegesha hapo, na funzo lake ni hili: anayeijua kazi yake na kuionea fahari, hata wenye nguvu watamsukuma mbele.