Kisima cha Ngazi ya Kati

Hadithi ninayo, mwisho wake sinao. Mwisho mtautafuta nyinyi, kwa hiyo sikilizeni vizuri nani alifanya nini.

Kijiji cha Ngazini kimekaa juu ya ngazi tatu pana za ardhi, ambazo bahari ilizikata na kuziacha ilipokuwa ikirudi nyuma, zamani za kale. Ngazi ya chini ni mchanga mweupe uliochanganyika na vipande vya kombe. Ya juu ni mchanga mwekundu. Ya kati ni ya kijivu, laini kama unga, na watu hawaipendi. Mvua ikinyesha asubuhi, adhuhuri hukuti hata tope. Ardhi imeshakunywa yote. Samadi ukiitia leo, mvua mbili tatu zikipita imetokomea chini. Ukiacha mikorosho na mihogo, hakuna mmea unaostahimili. Na jua likifika utosini, upepo ukatulia, mchanga ule hutoa mvumo mdogo, kama mtu anayeimba kafumba mdomo. Wenyeji husema ni joto tu. Lakini saa hiyo hawapiti.

Hapo Ngazini waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Nyamvula, mwanamke wa makamo aliyesikia kwa nyayo. Akivua kandambili na kukanyaga, alijua chini kuna mzizi, kuna maji, au kuna uwazi. Mumewe, Kombo, alikuwa mchimba visima. Miaka sita nyuma mchanga wa ngazi ya kati ulimfunika akiwa kazini, na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Nyamvula aliitembea ngazi ile miguu mitupu, hatua kwa hatua, akisikiliza. Hakuwahi kusikia kitu.

Wa pili ni Mwinyihaji, mwenye kitalu cha miche. Yeye aliujua mchanga kwa ulimi. Aliweka punje chache mdomoni, akafumba macho, kisha akakwambia kama mchanga huo utasimama au utakimbia, na kama chini yake kuna maji matamu au ya chumvi.

Wa tatu ni Garashi, mkata mawe ya matumbawe. Huyo hakuogopa mahali pembamba. Angeweza kuingia kichwa chini katika shimo la upana wa mabega yake, akakaa humo bila kutweta.

Sasa, ngazi ya kati ilikuwa mali ya Bi Nuru, mjane mwenye binti mmoja, Mwanasiti. Mwaka huo kiangazi kilirefuka, Bi Nuru akachimbisha kisima. Kilikuwa bado hakijajengewa kuta. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Mwanasiti aliteremka kuangalia kama maji yameanza kuvuja.

Mchanga ulishuka. Haukupiga kishindo kama udongo wa mfinyanzi unapobomoka. Uliteleza tu, kimya, kutoka pande zote kwa pamoja. Bi Nuru, aliyekuwa amesimama hatua ishirini kutoka hapo, alifumba macho kwa vumbi, na alipofumbua hakuona kisima. Aliona uwanja sawasawa, hauna shimo wala kovu, na mvumo ule mdogo ukiendelea.

Kijiji kizima kilimkuta akikimbia huku na huku, hajui tena mdomo wa kisima ulikuwa wapi.

"Nirudishieni mwanangu!" alilia. "Atakayenitolea mwanangu, kisima hiki ni chake, pamoja na mchanga unaokizunguka. Akifanye atakavyo. Nyote ni mashahidi!"

Nyamvula alivua kandambili. Mchanga wa saa ile ungeweza kuivisha yai, na hatua ya kwanza ilimtoa machozi. Aliendelea. Mara akasimama. Chini ya unyayo wa kulia alisikia kugonga: haraka haraka, kwa hofu, ngo-ngo-ngo. Akataka kuinua mkono awaite watu, lakini unyayo wa kushoto nao ukasikia. Kugonga kwingine, pale pale, kwa utulivu. Ngo. Kisha kimya. Kisha ngo.

Miaka sita hakuwahi kusikia kitu, na leo anasikia wawili.

"Yuko hapa," alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Chimbeni hapa. Yu hai." Hakusema zaidi. Alikaa chini, na walipomtazama nyayo, ngozi ilikuwa imebaki mchangani.

Wanaume walivamia na majembe. Kila walichotoa kilirudi mara mbili. Mwinyihaji alifika anahema, akachota mchanga, akauonja, akatema.

"Acheni! Mnamzika upya!" alipiga kelele. "Huu mkavu hauna cha kuushika. Unataka maji ili punje zishikane, lakini kidogo kidogo. Ukiyamwaga mengi, utakuwa uji, utamjaa puani."

"Maji yako wapi, kaka?" mtu aliuliza. "Mitungi yote mikavu."

Mwinyihaji aligeuka, akaangalia upande wa miche yake. Kitaluni kwake kulikuwa na mapipa mawili, maji ya mwisho ya miche mia nne ya mikorosho, kazi ya miaka miwili.

"Leteni mapipa yangu," alisema.

Wakanyunyiza na kuchimba, wakanyunyiza na kuchimba, wakipanua shimo kwa ngazi ngazi kama bakuli. Kila mara yeye aliuonja mchanga na kusema "bado" au "basi". Kuta zilisimama. Mapipa yalipokauka, miche yake ilikuwa imeshakunja majani, na shimo lilikuwa limefika dhiraa nane.

Chini ya hapo palibaki upenyo mwembamba ambao jembe lisingeingia bila kuangusha kila kitu. Garashi alikata vitako vya mapipa yale, akayashindilia moja juu ya jingine yawe koo la kupitia. Akafungwa kamba kwenye vifundo vya miguu.

"Nikivuta mara moja, niteremsheni. Mara mbili, nitoeni," alisema. "Nikinyamaza, vuteni vilevile."

Mara ya kwanza alitoka na mchanga machoni. Mara ya pili alitoka na bega limeteguka, akawaambia wamrudishe. Mara ya tatu kamba ilitulia muda mrefu, kisha ikavutwa, si mara mbili, bali mara nyingi, kama mtu anayepigana. Wanaume kumi walivuta. Garashi alitoka, na mkononi mwake alikuwa ameshika mkono wa Mwanasiti, na Mwanasiti alikuwa anapumua.

Vigelegele havikupigwa. Watu walikuwa wanatazama kitu alichokuwa amekikumbatia msichana: karai la chuma, limeliwa na kutu, na katikati lina kiraka cha lami.

Nyamvula alikijua kiraka kile. Alikuwepo Kombo alipokipaka.

Mwanasiti alipanguswa uso, akakohoa mchanga, kisha akamtazama Nyamvula.

"Shangazi," alisema, "kulikuwa na mtu. Alinifunika uso kwa karai hili nipate hewa. Mkono wake ulikuwa baridi. Aliniambia, 'Vuta pumzi kidogo kidogo. Manyunyu atatusikia.' Manyunyu ni nani?"

Nyamvula aligusa kiraka kile. Jina hilo alilitamka mtu mmoja tu duniani, tena mlango ukiwa umefungwa.

Garashi alikuwa amekaa pembeni, anatetemeka jua kali likimpiga mgongoni. Alinyoosha mkono, na watu wakaona alama za vidole kwenye kifundo cha mkono.

"Ni kweli, mtu huyo alimsukuma msichana juu," alisema. "Bila yeye nisingemfikia. Lakini alipokwisha kunipa msichana, alinishika na mimi. Hakutaka kuachia." Akamgeukia Mwanasiti. "Niambie, kabla ya mchanga kushuka, ulisikia nini?"

Msichana alifikiri. "Nilisikia mtu anagonga chini. Nikainama nisikilize."

"Mmemsikia?" Garashi aliuliza.

Hapo ndipo maji yalipoanza kupanda shimoni. Yalivuja taratibu, mazito kwa mchanga, halafu yakatulia, meupe, kina cha dhiraa moja. Mwinyihaji aliyaonja, akayaonja tena. Alisema hajapata kuonja maji matamu kama hayo Ngazini.

Bi Nuru alikuwa amemshika mwanawe, hamwachi. "Nimeapa mbele yenu, na kiapo changu ni kimoja," alisema. "Lakini aliyenitolea mwanangu ni nani?"

"Bila nyayo zangu mngekuwa mnachimba mahali pengine hadi sasa," alisema Nyamvula. "Nipeni kisima. Nataka kichimbwe zaidi, mume wangu atolewe, aoshwe, azikwe kama watu. Miaka sita yumo humo, na leo anagonga."

"Shemeji, nakuhurumia," alisema Mwinyihaji. "Lakini hapa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Ukichimba dhiraa mbili zaidi, chumvi itapanda, na kisima kitakufa, na sisi na watoto wetu tutakunywa nini? Nimetoa miche yangu yote. Nipeni mimi, nikijengee kuta za mawe, kila mtu ateke."

"Ujenge kuta juu yake?" Nyamvula aliuliza. "Unywe maji yaliyomlalia?"

Mwinyihaji alijipangusa mdomo kwa kiganja.

"Nipeni mimi," alisema Garashi. "Nitakifukia. Nyote mmekaa huku juu. Mimi ndiye niliyeshikwa. Mkikiacha wazi, kesho atainama mwingine kusikiliza."

"Kombo hakuwa mtu wa kudhuru mtu!" Nyamvula alisema kwa ukali.

"Kombo uliyemjua, hapana," Garashi alijibu polepole. "Huyu amekaa huko miaka sita peke yake."

Nyamvula alimgeukia Bi Nuru. "Hata hivyo waliomtoa mwanao si watatu, ni wanne. Kombo naye alimtoa, na fungu lake linarudi kwa mkewe. Mimi nina mawili."

"Maiti hana fungu," alisema Mwinyihaji.

"Na kama ndiye aliyemwangusha," alisema Garashi, "je, kumrudisha kunamfanya mwokozi?"

Wakati huo ukingo wa bakuli ulikuwa umeanza kukauka, na mchanga unachuruzika taratibu kwenda chini. Mwinyihaji aliuonja na kusema kuta zitasimama hadi adhuhuri ya kesho, si zaidi. Asipoamua mtu, mchanga utaamua wenyewe. Nyamvula, nyayo zimefungwa vitambaa, alikuwa amekwisha kujiburuta hadi ukingoni. Aliweka kiganja juu ya mchanga, kwa kuwa miguu haikuweza tena, akawainulia watu uso uliolowa.

"Anagonga," alisema. "Bado anagonga."

Bi Nuru aliwatazama watatu wale, akamtazama binti yake, akalitazama lile karai. Akafungua kinywa, na sauti haikutoka.

Basi nami nanyamaza hapo alipotakiwa kusema. Nyayo ziliungua, miche ikafa, bega likateguka, na chini kuna mkono ulioshika karai. Kisima ni kimoja. Mngempa nani nyinyi mnaonisikiliza: aliyesikia, aliyeusimamisha mchanga, au aliyeingia? Na yule wa chini, mngemhesabu au msingemhesabu?