Msitu Usio na Watu

Uliona, ukageuza shingo. Usiniambie hukuona. Siku vyombo vya jirani yako vilipotupwa nje, sufuria moja ikibingirika hadi barabarani, ulikuwa ng'ambo pale dukani. Ukasema moyoni, "Yamemkuta," ukachukua chenji yako ukaenda zako. Mimi kusahau sijui. Nayakumbuka hata niliyosimuliwa tu: mwaka hamsini na moja, Wameru waliposwagwa kutoka Engare Nanyuki kuwapisha walowezi, ng'ombe wao wakifia njiani. Hata siku zile hawakukosekana wa kusema, "Shamba si langu." Wahenga walituonya kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: wembe ukiwa kichwani kwa jirani, jua kinachofuata ni chako. Tunaijua methali hii. Tunaiandika vizuri kwenye mtihani, tunapata alama zetu, kisha tunatoka nje kwenda kumtazama mwenzetu akinyolewa. Basi sikiliza yaliyompata Sabina.

Sabina alizaliwa kwenye miteremko ya Meru, juu ya Nkoaranga, katika kijiji ambacho jina lake nitaliacha lilale. Kihamba cha kwao, yaani shamba la ukoo, kilikuwa na migomba na kahawa chini ya miti ya miringaringa, na ng'ombe mmoja wa ndani ambaye mama yake alimkatia majani kila siku. Baba yake alikwisha kufariki. Juu yao palikuwa na kihamba cha Mama Marta, mjane asiyekosa la kuchekesha, na juu ya Mama Marta ulianza msitu. Kati ya vihamba hivyo viwili hapakuwa na ukuta wala waya wa miiba. Palikuwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu ambayo huku kwetu ndiyo mpaka, ndiyo hati, ndiyo kiapo. Mtu aking'oa isale, watu humtazama kama aliyefukua kaburi.

Sabina alipokuwa mtoto, mbuzi waliharibu kipande cha mstari ule. Babu yake na mume wa Mama Marta wakaupanda upya kwa pamoja, na Sabina ndiye aliyewabebea miche. Babu alimwambia huku akipangusa udongo mikononi, "Sisi tutakufa, mjukuu wangu. Wewe ndiye utakayesema mpaka ulipita wapi." Wazee wale wakafa kweli. Akabaki yeye.

Alisoma, akapata kazi mjini, kwenye ofisi ya utalii ya Madam Joyce huko Elerai. Madam Joyce naye alikuwa mtoto wa mlimani, mwimbaji wa kwaya, mwenye ulimi mtamu kama asali ya nyuki wadogo. Kazi ya Sabina ilikuwa kupanga likizo za wageni waliochoshwa na vumbi la mbugani, wakataka msitu wa mvua, ukungu, maporomoko na ndege. Aliijua kazi hiyo barabara. Alijua ni mti upi mbega hupanda kuota jua la asubuhi, na alijua mgeni hapelekwi msituni wakati wa masika, maana njia huteleza kama sabuni. Lakini kila aliyempangia likizo alimuuliza swali moja: "Huko tutakuwa peke yetu?"

"Mdogo wangu," Madam Joyce alikuwa akimwambia, "mtu hapandi ndege usiku kucha aje kutazama kamba ya nguo. Mpe msitu."

Kampuni ya Madam Joyce ilikuwa na kambi juu, pembezoni mwa msitu, na njia ya kwenda huko ilikatiza kwa Mama Marta. Hivyo wageni walipokuwa wanakaribia, Sabina alitangulia kusafisha njia. Hakusafisha magugu, alisafisha watu. Aliwaomba kina mama wenye mizigo ya majani wasubiri kwanza, redio zizimwe, nguo zianuliwe.

Mama Marta alianua zake zikiwa mbichi, akazirundika kwenye beseni. "Haya mwanangu, nimejificha. Na kikohozi changu hiki je, nacho nikifiche wapi?"

"Kohoa kidogo kidogo, mama. Watadhani ni mbega."

Wakacheka wote wawili mpaka Mama Marta akashika mbavu. Laiti wangejua walichokuwa wakikicheka.

Baada ya muda Madam Joyce akataka tangazo la kurusha mtandaoni. Akamsimamisha Sabina mbele ya masale ya kwao, akamwelekezea simu, na Sabina akatabasamu kama bibi harusi. "Karibuni kwenye msitu usioguswa," akasema. "Hapa hapajawahi kuishi mtu."

Mama yake alipooneshwa, aliisogeza ile simu karibu na macho. "Hapa si kwa Marta?"

"Ni tangazo tu, mama."

"Na sisi tunaoishi hapa ni nani?"

Sabina akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Haukupita msimu, kampuni ikadai kwamba kihamba cha Mama Marta kiko ndani ya eneo la kambi, na kwamba masale yale si mpaka wa mtu. Watu wa vipimo wakaja na vyuma vyao, wakapiga rangi nyekundu kwenye shina la mringaringa wake. Shauri likapelekwa kwenye baraza la kijiji. Mama Marta hakwenda kulia kwa mtu. Alichuma jani la isale kwenye mpaka, akalifunga fundo, akashuka nalo kwa Sabina siku ya Jumapili baada ya ibada. Anayekuletea jani lililofungwa hivyo amekuja kukuomba, na kwa desturi hukatai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sina maneno mengi. Aliyebeba miche ni wewe. Uje useme ulichokiona, basi."

Sabina akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimelipokea, mama." Akalitia mkobani.

Kesho yake Madam Joyce hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alimmiminia chai, akamsogezea na andazi. "Sikukatazi, mdogo wangu. Ila wageni wa siku ya baraza ni wako. Nilikuwa nafikiria kukupa usimamizi wa safari zote za msituni. Sasa wewe mwenyewe uamue utasimama wapi. Huwezi kusimama barazani na ofisini kwa wakati mmoja."

Sabina akajiambia yale ambayo na wewe umeshajiambia. Kwamba shauri si la kwao. Kwamba Mama Marta ana mtoto wake Kikatiti, hatakosa pa kulala. Kwamba mtu mmoja hawezi kubadilisha kitu.

Siku ya baraza alipita pale na wageni wake. Watu walikuwa wameketi nje ya ofisi ya kijiji, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na Mama Marta alikuwa amesimama katikati. Alipomwona Sabina, uso wake ulichanua. Akainua mkono, akawaambia wazee, "Huyo anakuja! Shahidi wangu huyo!"

Sabina aligeuza shingo. Akanyoosha kidole kwenye miti ya upande wa pili, akawaambia wageni, "Tazameni kule juu, hondohondo!" Wageni wakainua darubini zao, wakatafuta, wakatafuta. Hapakuwa na hondohondo wala ndege mwingine. Walipozishusha, baraza lilikwisha kuwa nyuma yao.

Mama Marta akashindwa. Alishuka Kikatiti na kuku wake na lile beseni. Trekta ikapanda, ikang'oa masale mstari mzima, yakarundikwa na kuchomwa moto. Mama yake Sabina alitazama moshi ule akiwa mlangoni. Sabina akapewa usimamizi.

Wembe haushibi, ndugu yangu. Wageni waliipenda njia ile, na msimu uliofuata Madam Joyce akamwita Sabina mezani wapange likizo mpya: njia ishuke kutoka kambini mpaka mtoni, na pale penye kijito pachimbwe bwawa la kuogelea. Sabina alifuata kidole cha bosi wake kwenye ramani.

"Madam, hapo ni nyumbani. Ni kwa mama yangu."

"Kwenu kunaanzia wapi?"

"Kwenye masale."

Madam Joyce akamtazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia kweli. "Masale gani, mdogo wangu?"

Sabina akaacha kazi siku hiyohiyo. Alikuwa amechelewa. Akapanda mlimani kutafuta jani la isale ampelekee Mama Marta, mtu pekee aliyebaki, nje ya nyumba yao, ambaye aliujua ule mpaka. Akazunguka pale ulipokuwa mstari, akakuta udongo mtupu na alama za matairi. Hapo ndipo alipokumbuka mkoba wake. Jani lilikuwa bado mle ndani, limekauka kama ngozi ya nyoka, fundo likiwa vilevile.

Alimkuta Mama Marta Kikatiti, ameketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa bati, joto likimtafuna, macho yakitazama malori ya barabara ya Moshi. Sabina akapiga magoti, akamnyooshea lile jani.

Mama Marta akaligeuzageuza. "Hili fundo nalijua," akasema. "Nililifunga mwenyewe."

"Sikupata jani jingine, mama. Yameisha."

"Kwa hiyo unaniomba kwa jani langu?" Akakohoa kwa muda mrefu. "Una uso mgumu, mtoto wewe. Kama kisiki cha mti wa kahawa." Kisha akalitia jani kwenye kibindo. "Isale ni isale hata likikauka. Mimi sijui kulikataa. Nitakuja."

Na kweli alikuja, shauri la kihamba cha kina Sabina lilipofika barazani. Alisimama palepale alipokuwa amesimama peke yake, akaeleza mpaka ulipita wapi. Mwenyekiti akamsikiliza, akasema, "Mama, wewe ulishindwa hapahapa, na sasa ni mkazi wa Kikatiti. Tuoneshe alama."

"Alama mliichoma."

Hapo Sabina akasimama. "Mimi nilibeba miche! Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka. Mpaka ulipita..."

Mtu wa kampuni hakubishana naye. Alitoa simu mfukoni, akaiinua juu kila mmoja aone. Sauti tamu ikasikika barazani: "Karibuni kwenye msitu usioguswa. Hapa hapajawahi kuishi mtu." Na nyuma ya tabasamu lile, kwa aliyekuwa na macho, masale yalikuwa yakitikisika kwa upepo.

Mjumbe mmoja akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Binti, tukuamini lipi? La siku ile au la leo?"

Sabina akaketi. Mama yake akajifunika kanga usoni.

Siku ya kuhama, mama na binti walikuwa wakishuka na mizigo kichwani, ng'ombe ametangulia, mara kijana mwenye fulana ya kampuni akawajia mbio. Alikuwa mpole. "Shikamoo mama. Dada, samahani sana. Mngejibanza kidogo kwenye migomba? Wageni wanapita."

Wakajibanza kwenye migomba waliyoipanda wenyewe. Wageni wakapita, wenye furaha, viatu vizuri, hawana kosa lolote wanalolijua. Vumbi likampalia mama yake Sabina, akakohoa. Mgeni mmoja akasimama, akauliza ni sauti ya nini ile.

"Mbega," kijana akajibu. "Hapa hakuna watu."

Sasa wewe. Usinifunikie karatasi hii na kusema, "Maskini Sabina." Sabina hahitaji pole yako, na Mama Marta amechoka nayo. Wiki hii kuna baraza linakaa mahali fulani karibu na kwako, na kuna mtu amesimama katikati anaangalia njia kama unakuja. Unamjua. Unalijua hata shamba lake, ulichezea humo. Vaa viatu. Nenda ukaseme ulichokiona kabla mdomo wako haujaazimwa na mwingine, kabla alama haijachomwa. Usiende kesho. Inuka sasa hivi, maana wembe ule ni mmoja na vichwa vyetu vimepangwa kwenye foleni moja: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji!