Kwa Nini Gemu ya Kindi Haihami

Acheni kwanza kubonyeza, wajukuu zangu, vidole vipumzike. Tangu asubuhi mnanung'unika kwamba gemu ya kindi haimo kwenye mashine yetu, na eti walioitengeneza wana choyo. Choyo kipo duniani, sikatai. Lakini jambo hili halikuanza na choyo.

Zamani sana michezo haikuwa na kwao. Ilikuwa na miguu yake, ikitembea nyumba hadi nyumba kama wageni, na kila sanduku la kioo lililowashwa liliipokea. Leo mchezo ulilala hapa, kesho kule. Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na michezo ileile, watoto wa mji mmoja walijaa kwa tajiri wao, Bwana Kipande, penye sanduku kubwa, mikeka mipya na juisi ya ukwaju. Kwingine wangefuata nini?

Pembeni mwa mji huo aliishi Siwema, binti wa Mbaruku seremala. Miguu yake haikumbeba tangu azaliwe. Alikuwa mtoto wa maneno mengi asiye na wa kumwambia, na hilo lilimuuma sana baba yake. Mbaruku akamtengenezea sanduku dogo, akiamini michezo ikija na watoto watakuja. Michezo ikaja kweli. Watoto hawakuja, maana yote walishaicheza kwa Bwana Kipande.

Siku moja Mbaruku akiwa kazini, uliingia mchezo mchanga ambao haujafika nyumba yoyote, wa kindi anayeruka matawini akiwatafuta ndugu zake. Siwema aliucheza mpaka akasahau chakula. Jioni mchezo ukaaga, ukasimama mlangoni, ukangoja. Ulikuwa umelelewa ukaleleka, na mgeni wa namna hiyo haondoki mpaka mwenyeji amsindikize.

Siwema aliona aibu. "Nisamehe, mgeni wangu," akasema. "Siwezi kukufikisha njiani."

"Basi nitangoja mpaka uweze," mchezo ukajibu, ukarudi kuketi.

Mbaruku aliporudi alijitolea kuusindikiza yeye. Bwana Kipande naye, aliposikia, akatuma watu kuuchukua kwa heshima zote. Wote wakapewa jibu moja, kwamba aliyeupokea ndiye atakayeusindikiza.

Habari zikaenea kuwa kuna kindi asiyeonekana popote ila kwa Siwema. Akaja mtoto mmoja, kesho yake akaja na dada zake. Walimfuata kindi, tuseme kweli. Hakuna aliyemfuata Siwema. Lakini ukisubiri zamu yako utazungumza na nani? Wakazungumza naye, wakagundua anajua kuchekesha. Wakaanza kucheza hata michezo mingine iliyopita humo sandukuni, ileile iliyowachosha kwa Bwana Kipande, na hapo kwa Siwema wakaiona mitamu. Mlango wa seremala ukajaa viatu.

Miaka ikapita. Mbaruku akamchongea binti yake magongo, na Siwema akajifunza kutembea. Siku alipofika mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, baba yake alilia kwa furaha, Siwema naye akalia kwa hofu. Sasa hakuwa na udhuru. Kindi angeondoka, viatu vile vyote vingeondoka naye. Hata hivyo akajifuta uso, akauita mchezo, wakaenda polepole hadi njia panda.

"Hapa ndipo tunapoagia wageni," akasema. "Nenda salama."

Mchezo ukayatazama magongo, ukaitazama njia ya kurudi. "Na wewe utarudi peke yako? Twende, nikusindikize."

Ukamfikisha mlangoni. Hapo Siwema akawa mwenyeji tena, na mwenyeji hamwachi mgeni aende peke yake. Wakatoka tena hadi njia panda, mchezo ukamrudisha tena, na watoto wakawafuata nyuma wakicheka, mpaka kila mtu akaelewa kwamba safari ile haina mwisho.

Michezo mingine nayo ikaiga, na tangu siku hiyo kila mashine ina mchezo wake usiohamia kwingine, na watu ndio wanaoufuata ulipo. Huo mnaoutaka uko kwa mtoto wa Mama Nasra, yule aliyehamia juzi, ambaye hamjawahi hata kumsalimia. Nendeni mkapige hodi. Na akiwasindikiza, msimwache arudi peke yake.