Bi Kaa Aliyeona Aibu ya Tope

Paukwa!

Pakawa!

Maji yakijaa?

Hupwa!

Yakipwa?

Hujaa!

Haya, sogeeni. Mwenye usingizi akalale kwao, hadithi yangu haina godoro.

Hapo zamani za kale, kaa walipokuwa wakisema na watu wakaelewana, palikuwa na mlango wa mto. Mto ulipokutana na bahari, hapo paliota msitu wa mikoko. Wazee wa kale waliweka mwiko: mikoko ya mlangoni isikatwe. Waliweka mwiko, wakasahau kuacha sababu. Wakafa nayo.

Chini ya mkoko mmoja alikaa Bi Kaa. Alikuwa na mayai tumboni, mengi kama mtama, na alikuwa na hofu. Kila siku alisikia shoka: ko! ko! ko! Jana mkoko wa jirani, leo wa jirani wa pili. Wake ukianguka, watoto watakulia wapi?

Mwenye shoka alikuwa Fundi Mwinjaka wa kijiji cha mlimani, mjenzi hodari, asiyependa kuambiwa neno.

Bi Kaa akasema, "Kulia hakuzuii shoka. Nitakwenda nikawafundishe."

Akapanda mlima, upande upande, siku nzima. Akafika barazani, akainua magando juu. "Msikate! Msiguse! Msipite!"

"Kwa nini?" akauliza Fundi Mwinjaka.

"Kwa sababu ni mwiko!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu kwenda mbele hawezi, ndiye atuonyeshe njia?" Kesho yake, ko! ko! ko! Mikoko miwili chini.

Bi Kaa akawaza, "Basi waje waone wenyewe." Akawaalika.

Sasa, kwa kaa, mgeni wa heshima hukaribishwa maji yakiwa yamejaa. Nyumba inang'aa, tope limefunikwa, harufu imezama. Kumwonyesha mgeni tope ni kama kumpitisha jikoni na vyombo havijaoshwa. Wewe unayecheka huko nyuma, kwenu mgeni huanzia wapi? Si ukumbini?

Wageni wakaja, wakasimama ukingoni. Wakaona maji na vichwa vya miti.

"Mashallah, maji," akasema Fundi Mwinjaka. "Hata kisimani kwangu yapo."

"Lakini chini yake, ndugu zangu..."

"Chini yake sioni kitu."

Wakaenda zao. Kesho yake, ko! ko! ko! Mikoko mitatu chini. Na mkoko wa Bi Kaa ukatiwa alama ya shoka, kwamba zamu yake ni kesho. Bi Kaa akalia kilio cha kweli.

Kitwitwi, ndege wa miguu myembamba anayetafuta riziki topeni, akamsikia.

"Shoga, unawaonyesha ukumbi. Chakula hupikwa wapi?"

"Jikoni."

"Basi wapitishe jikoni."

"Na tope lile? Na harufu ile? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Mficha uchi hazai," akasema Kitwitwi, akaruka zake.

Asubuhi maji yakapwa, yakapwa sana. Fundi Mwinjaka akaja na shoka begani, na mkewe Mwanamkasi nyuma yake kusaidia kubeba miti. Bi Kaa hakuinua magando mara hii.

"Karibuni jikoni kwangu," akasema. "Leo sikatazi kitu. Vueni viatu tu."

Fundi akacheka, akavua. Akapiga hatua moja, tope likammeza mpaka magotini. Mwanamkasi akafuata, akiziba pua. Bi Kaa akawaongoza upande upande mpaka kwenye mizizi, palipobaki vidimbwi vya maji.

"Tia mkono, dada."

Mwanamkasi akateka maji kwa kiganja. Ndani yake mlikuwa na visamaki vidogo kama kucha, vinarukaruka. Akavisogeza machoni.

"Baba Mbwana!" akamwita mumewe. "Huyu si changu, yule samaki tunayemkaanga? Doa lake ubavuni lile pale!"

"Ni watoto," akasema Bi Kaa. "Hulelewa humu mizizini, wakikua ndipo hutoka kwenda baharini. Na hawa ni wangu." Akafunua tumbo lake, akawaonyesha mayai.

Mwanamkasi akamgeukia mumewe. "Mwaka mzima samaki hawapatikani, nawalaumu wavuvi. Kumbe kikaango changu kimekauka kwa shoka lako!"

Fundi Mwinjaka alitazama shoka, akatazama kiganja cha mkewe. Kisha akainama, akachota tope kwa mikono miwili, akakandika pale alipoutia mkoko alama, kama mtu anayemfunga mwanawe kidonda.

"Mbona hukutuonyesha tangu mwanzo?" akauliza Mwanamkasi.

"Niliona aibu, dada."

"Aibu ya nini, mwenzangu? Jikoni kwangu kumejaa masizi!" Wakacheka wote watatu, na Bi Kaa machozi yakamtoka tena, safari hii ya furaha.

Tangu siku ile, maji yakipwa sana, watoto wa mlimani huteremka kuchomeka mbegu za mikoko topeni. Anayewaongoza ni Fundi Mwinjaka mwenyewe. Wakimuuliza, "Kwa nini isikatwe?" hawatajii mwiko. Huwaambia, "Vueni viatu."

Basi jueni: katazo lisilo na sababu halilindi kitu. Mtu hulinda alichokiona kwa macho yake na kukishika kwa mkono wake. Na wewe mwenye chako cha thamani, usikifiche kwa sababu kina tope.

Hadithi yangu imepwa hapo. Iliyobaki vidimbwini, tekeni mwende nayo nyumbani.