Jumba la Lugendo Juu ya Jabali

Paukwa? — Pakawa!
Jiwe? — Likae!
Maji? — Yapite!
Na mtu? — Arudi kwao!

Basi, hapo kale palikuwa na mfalme, jina lake Lugendo, aliyejua mawe kama mfinyanzi ajuavyo udongo. Baba yake alipofariki alimwachia kiti mdogo wake Lugendo, Semdoe. Lugendo akakinyakua kile kiti, akamfukuza Semdoe nchini. Tangu hapo hakupata usingizi. Vumbi likitimka tu, yeye huona jeshi la mdogo wake.

Akapanda jabali, akajenga jumba kileleni kabisa. Akachonga ngazi nyembamba, watu wapite mmoja mmoja. Akachimba mabirika mwambani, yajae mvua ya masika, yanyweke hadi masika mengine. Adui gani angepanda huko? Jumba likakamilika. Lugendo akatazama chini, akaona moshi wa jiko la mama yake, moyo ukamuuma.

Akatuma watu na machela wamlete mama. Mama akakataa, hawezi kuishi mahali ambapo jirani hawezi kuja kuomba moto. Lugendo akaipanua ngazi, akatuma tena. Mama akakataa tena.

Mwaka uliofuata mvua ikagoma, visima vya bondeni vikakauka. Washauri wakamwambia ayafungie maji, maana maji ndiyo ngome yenyewe. Lakini Lugendo alikuwa akimuwaza mama yake na mtungi mtupu. Akalitoboa birika kubwa, akachonga mfereji toka kileleni hadi bondeni. Watu wakanywa, mifugo ikanywa, na waliomwogopa wakaanza kumtaja kwa wema.

Akatuma mara ya tatu. Safari hii jibu likaja: "Maji yameshuka. Na aliyeyaleta, mbona hashuki?"

Jamani, nani angestahimili neno hilo la mama? Walinzi walimsihi, hakuwasikia. Akashuka peke yake, bila mkuki, akabisha hodi mlangoni kwa mama.

Aliyeitikia ni Semdoe, jembe mkononi.

Lugendo akajua ametegwa. Akasimama kungoja pigo. Semdoe akaweka jembe chini, akamsogezea kigoda. Akamweleza kwamba alirudi kwa siri zamani, akawa anamlimia mama. Jeshi hakuwahi kuwa nalo.

"Mama yuko wapi?"

"Alitutoka kabla maji hayajafika, kaka. Jibu lile nilituma mimi. Ningekwambia ukweli, usingeshuka."

"Unataka kiti chako?"

"Nataka uje uone kaburi. Watu walitaka kulijengea, nikawazuia. Mama alisema, mwanangu ajuaye mawe yuko hai."

Kiti kikashushwa bondeni, akakikalia Semdoe. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile Lugendo alipiga magoti mbele ya kaburi, akaanza kupanga mawe, mdogo wake akimkorogea udongo. Kila jiwe alilishika kwanza mikononi, kwa muda, ndipo akalilaza.

Pale pale niliwaacha wale ndugu, na hadithi yangu imekaa chini. Mwenye mama hai, kukicha akamwamkie.